Rupia Thelathini za Hatibu

Mwaka wa pili tangu garimoshi lifike Morogoro, Hatibu Mwinjuma alikuwa na kazi tatu, na zote alizipenda kuliko jembe. Kwao Mbete, juu mlimani, alilima shamba la ukoo wa mkewe Chausiku, tena akililima kwa kununa. Lakini siku nne katika wiki alishuka mjini. Garimoshi likifika alibeba mizigo ya abiria, likiondoka alinyoa vichwa barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo. Kazi ya tatu ilikuwa kukaa kwenye kahawa na kuzieleza zile mbili.

Siku moja alimkuta hapo kahawani kijana mgeni, kanzu safi, kofia nyeupe, daftari pajani. Kijana akamsalimia kwa adabu, akamuuliza anafanya kazi gani na anapata kiasi gani.

Hatibu alimtazama yule kijana, akalitazama daftari. Mjini zilikuwapo habari kwamba serikali inatafuta watu wa maana wa kuwafanya wasaidizi wa majumbe. Akajikohoza.

"Mimi, ndugu yangu, ni kinyozi. Tena mizigo ya stesheni yote iko chini yangu. Kwa mwezi sikosi rupia thelathini."

"Thelathini?"

"Mwezi mbaya."

Kijana aliandika, akamwuliza jina la baba yake na kijiji chake, akaandika tena. Hatibu akamlipia kahawa.

Wiki mbili baadaye jumbe wa Mbete akaleta barua ya boma. Hatibu aliipokea kwa mikono miwili, akawaita majirani waje wasikie. Jumbe, ambaye alijua kusoma kidogo, akasoma kidogo kidogo: Hatibu Mwinjuma, kinyozi na mwenye mizigo, rupia thelathini kwa mwezi, anatakiwa boma Jumatatu kwa ajili ya kodi ya biashara. Rupia tatu kila mwezi. Na kwa kuwa alikwisha fanya kazi miezi sita bila kulipa, jumla rupia kumi na nane.

Majirani wakaanza kukumbuka kazi walizoziacha majumbani, mmoja mmoja.

"Lakini kodi nimelipa!" Hatibu alilalamika walipobaki wawili, yeye na Chausiku. "Rupia tatu za nyumba, cheti kiko pale darini. Mtu mmoja hutozwa mara ngapi?"

"Baba Mwaisha," Chausiku alisema, "hizo thelathini alizitaja nani?"

Hatibu alijua, na mkewe naye alijua, kwamba asiyelipa hupelekwa kuvunja mawe ya barabara. Mwaka jana mtu wa kijiji cha pili alikwenda kwa mwezi mmoja, akarudi baada ya minne na mgongo usionyooka. Usiku ule hakugusa ugali.

Jumatatu walishuka wote wawili. Chausiku alijitwika kikapu chake cha viazi ulaya, maana alisema hawezi kwenda mjini mikono mitupu. Baraza ya boma ilijaa watu waliokuja kulipa kodi ya nyumba, na wa kwanza kuonana nao alikuwa Mzee Dadi, mjomba wake Chausiku, mkubwa wa ukoo wenye shamba.

"Shikamoo mjomba," walisema pamoja.

"Marahaba. Na wewe Hatibu, umekuja kulipa ya nyumba tena?"

"Kuna jambo dogo tu, mjomba."

Kabla hajaendelea, jina lake likaitwa. Nyuma ya meza aliketi yule kijana wa kahawani. Aliitwa Kasiani, mtoto wa misheni ya Matombo, karani mpya wa boma. Naye alikuwa na sauti ya kusomea watu kanisani.

"Hatibu Mwinjuma! Kinyozi! Rupia thelathini kwa mwezi!"

Baraza nzima ikageuka. Mzee Dadi akasimama.

"Thelathini?" alisema. "Thelathini kila mwezi, na mwanangu anavaa kaniki yenye matundu? Mwaka jana nilikuomba rupia moja ya dawa ya mguu, ukaniapia kwamba umelala njaa!"

Hatibu akisema ni kweli, mjomba atamfukuza shambani. Akisema si kweli, watu wote wa mlimani watajua kwamba alijisifu tu. Akachagua njia ya tatu.

"Bwana karani, mimi kwa kweli sinyoi. Watu wanakuja na nywele zao, mimi nina wembe tu. Zikianguka, zimeanguka."

Watu wakacheka. Kasiani hakucheka, ila aliweka kalamu chini.

"Mzee, nisikilize. Hukuitwa hapa kuadhibiwa. Kodi ya nyumba ni ya nyumba. Hii ni ya biashara, na si kila kazi ni biashara. Ukilima shamba lako, hatuulizi. Ukibeba mzigo wa mtu akakulipa, huo ni ujira wa kibarua, hatuulizi. Lakini kunyoa, wembe ni wako, mahali umepanga, wateja ni wako. Hiyo ni biashara. Tena hatutozi kila kinachoingia. Tunatoza kinachobaki baada ya gharama. Na kama kinachobaki hakifiki rupia nane kwa mwezi, unakwenda zako nyumbani. Sasa nieleze, kinabaki kiasi gani?"

Hatibu hakujua. Katika miezi sita hakuwahi kuhesabu. Alizoea kutaja tu.

"Nitasema mimi," Chausiku alisema.

Alitua kikapu, akatoa kiunoni kamba nyembamba yenye mafundo, makubwa na madogo.

"Huyu akirudi, hunipa hela za mfukoni nimwekee. Kila nikiweka, napiga fundo. Mwezi uliopita alinyoa vichwa mia na ishirini, kila kichwa hela tano. Hizo rupia sita. Mizigo ilimpa mbili, lakini umesema hizo huziulizi."

"Siziulizi."

"Baraza ya Mhindi, rupia moja. Sabuni na kunolesha wembe, rupia moja. Zimebaki nne."

"Na kahawa!" Hatibu alidakia, kwa kuwa sasa alianza kuona mwanga. "Andika na kahawa, bwana karani. Na kashata. Wateja wangu nawapata pale."

"Kahawa ni ya tumbo lako," alisema Kasiani. "Lakini huihitaji. Nne hazifiki nane." Akapiga mstari juu ya ile thelathini, mstari mrefu, na kusoma kwa sauti ileile: "Hatibu Mwinjuma, rupia nne! Hana kodi ya biashara!"

Sasa watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Mzee Dadi aliketi polepole.

"Nne," alisema. "Basi hata ile ya mguu pengine hakuwa nayo kweli."

Hatibu aliokoka, lakini angependa ardhi ifunguke. Akamshika mkewe mkono waondoke. Chausiku hakuondoka.

"Bwana karani, na mimi je?"

"Wewe una nini, mama?"

"Viazi na kabichi. Vya shamba langu nimesikia huviulizi. Lakini nanunua pia kwa majirani sita, nawapelekea wapishi wa kambi ya reli kule Kingolwira. Mwezi uliopita nilinunua vya rupia kumi na moja, nikauza kwa ishirini na nne. Wanawake wawili wanaonisaidia kubeba niliwalipa rupia mbili."

Kasiani alihesabu kwa midomo. "Zimebaki kumi na moja."

"Mama Mwaisha!" Hatibu alinong'ona. "Unafanya nini? Hakuna aliyekuuliza!"

Mkewe hakupunguza sauti. "Kila nikipita pale sokoni, askari wa soko anaingiza mkono kikapuni. Anasema ni kodi. Leo viazi vitatu, kesho kabichi nzima. Nikimwuliza cheti, anasema cheti ni yeye. Nataka kulipa mara moja, mahali pa kulipia, nipewe karatasi."

"Rupia moja kwa mwezi, kuanzia mwezi huu," alisema Kasiani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Nitaandika jina lako. Baba yako nani?"

"Andika jina la mama yangu. Biashara alinifundisha yeye."

Alilipa palepale, akakunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya kaniki. Hatibu alimfuata mpaka sokoni. Alikuwa akihesabu, pole pole, kwa vidole, na kila akifika kumi na moja alianza upya.

Askari wa soko alikuwapo. Alipoinua mkono, Chausiku alimwonyesha karatasi. Askari aliigeuza juu chini, akaona muhuri wenye tai wa serikali, akarudisha mkono mfukoni mwake mwenyewe. "Pita, mama," alisema, kama mtu anayemeza dawa.

Habari ilipanda mlimani kabla yao. Jumatatu iliyofuata, Kasiani alifungua mlango wa boma akakuta wanawake kumi na wawili wamejipanga na vikapu, wakitaka karatasi kama ya Chausiku. Makarani wenzake wa miji mingine walikuwa wakitafuta walipa kodi vichakani. Yeye alianza kuwakataa. Aliyemshinda zaidi alikuwa Scholastika, muuza karoti wa misheni, ambaye faida yake kwa mwezi ilikuwa rupia mbili na hela thelathini.

"Mama, hujafikia kiwango. Nenda nyumbani, husumbuliwi."

"Nimetembea tangu alfajiri," Scholastika alisema, akikaa chini mbele ya meza. "Niandike hivyohivyo. Hizo zilizopungua nitazitafuta."