Sabufa na Kiti cha Mlangoni

Kinyozi aliingia na sabufa kaikumbatia kifuani kama mtoto anayetoka hospitali. Mkewe akasimama mlangoni, akauliza kama mama mzazi naye yuko salama.

"Cheka tu. Kuanzia leo chumba hiki ni sinema."

Chumba chenyewe ni kile cha nyuma, chenye sakafu ya mbao: runinga ukutani, kochi la watu watatu katikati, na kiti cha baba yake kinyozi kando ya mlango. Mzee alikuwa fundi wa injini za malori kwa miaka arobaini. Injini zilimlisha, kisha zikala masikio yake. Ukitaka akusikie, sharti umkabili na upige kelele kama uko mnadani. Viganja vyake, hata hivyo, vilikuwa havijastaafu. Lori likipita nje, aliweka mkono ukutani na kusema, "Hilo silinda moja haipigi," na haikupita nusu saa kabla mtu hajalikuta limekwama mbele huko, boneti wazi, dereva kashika kiuno.

Kinyozi alikuwa amesoma mtandaoni jinsi ya kuitafutia sabufa mahali pake. Unaipandisha juu ya kiti unachokalia, unafungulia muziki, kisha wewe mwenyewe unatambaa kando ya kuta huku umetega sikio. Pale utakaposikia besi imejaa bila kuvuma ovyo, hapo ndipo pa kuiweka. Basi akaipandisha kwenye kochi, upande anaokaa yeye, akashuka kwa magoti.

"Mume wangu," mkewe alisema, "ukifika uvunguni mwa kabati, nitafutie na pini yangu ya nywele."

Mzee aliangalia mtu mzima akitambaa, akaangalia sanduku juu ya kochi, akaelewa.

"Lilaze," alisema.

"Nini, Baba?"

"Hilo sanduku. Lilaze, mdomo uangalie chini kwenye mbao. Halafu lilete huku miguuni pangu."

Kinyozi akaangua kicheko. "Baba, hii si gari la kuingia uvunguni! Sabufa inaangalia watu!"

"Na huku kwangu?"

"Huko ni mlangoni! Nani anasikilizia sinema mlangoni?"

Alipiga kelele ili mzee asikie, na mzee alisikia. Mke wa kinyozi aliacha kucheka.

Sabufa ikakaa kwenye kona, pembeni mwa runinga, mdomo ukilitazama kochi. Jioni hiyo waliweka filamu ya magari. Kochi lilitetemeka mpaka karanga zikacheza kwenye sahani.

"Vipi, Baba?"

Mzee alitabasamu. "Nzuri sana, mwanangu. Nzuri sana."

Haikuchukua wiki mbili, mzee akaanza kwenda kulala kabla filamu haijaanza. Mwezi ulipoisha, alisema anakwenda kukaa kidogo kwa bintiye, dada yake kinyozi, kubadilisha hewa. Alibeba begi moja, kiti akakiacha. Kinyozi hakumzuia. Alimwambia mkewe kwamba wazee wana mambo yao, akaenda zake kazini kunyoa watu.

Miezi minne ilipita. Jumapili moja mchana wateja wake walikuja kutazama filamu, wakajaza kochi lote, yeye mwenye nyumba akabaki na kiti cha mlangoni. Magari yakaanza kukimbizana, na besi ikakatika. Akadhani ni waya. Aliposimama kwenda kuuangalia, besi ikarudi. Akakaa, ikapotea. Akasimama tena, akakaa tena.

"Fundi," mteja mmoja aliuliza, "kiti kina misumari?"

Wenzake walicheka. Yeye alivua kiatu, akakanyaga mbao kwa unyayo mtupu. Kimya. Na hili pia alikuwa amelisoma, akaliruka: sabufa ikikaa kona fulani, chumba huwa na mahali besi inapofia. Kwa kona aliyoichagua yeye, ilifia kwenye kiti cha baba yake.

Wageni walipoaga, aliipandisha sabufa juu ya kile kiti, akashuka kwa magoti upya. Safari hii mkewe hakuulizia pini. Mahali penyewe palikuwa hatua moja tu kutoka kitini, chini ya swichi ya taa. Akailaza hapo, mdomo chini, akakaa. Besi ikapanda kutoka kwenye mbao, ikapita nyayo, ikafika magotini.

"Dakika kumi," alimwambia mkewe. "Ilikuwa kazi ya dakika kumi."

"Mpigie."

Alipiga. Dada yake akampa mzee simu. "Nani? Sisikii! Sema na dada yako!"

Kesho yake aliibeba tena kifuani hadi kwa dada yake. Sakafu ya huko ilikuwa ya saruji, ngumu, isiyopokea kitu. Hivyo aliiweka sabufa kando ya kiti cha mzee, akachomeka waya wa sauti kwenye runinga, akauchukua mkono wa baba yake na kuuweka juu ya sanduku.

Mzee alisubiri kidogo, akatabasamu.

"Nzuri sana, mwanangu. Nzuri sana."

Plagi ya umeme bado ilikuwa mkononi mwa kinyozi.

Aliiangalia plagi, akaliangalia lile tabasamu. Lilikuwa lilelile la jioni ya kwanza. Akainama, akaichomeka.

Kwenye runinga lori lilikuwa linapanda mlima. Tabasamu likamtoka mzee. Akaleta na mkono wa pili, akavitandaza viganja vyote juu ya sanduku.

"Hii ndiyo ilikuwa inalia kule kwako?"

"Ndiyo, Baba!"

"Kila siku?"

"Kila siku! Upande wa kochi!"

Mzee akatikisa kichwa polepole, mikono hakuiondoa.

"Nisamehe, Baba," kinyozi alisema. "Turudi nyumbani." Haya hakuyapigia kelele. Yalitoka kwa sauti ya chini, ameinamia waya, na mzee hakuyasikia.

"Lori hili," mzee alisema, macho kayafumba, "silinda moja haipigi."