Ombi Lililolala na Ufunguo

Saa tatu asubuhi, katika ofisi moja ya Bayan Lepas kisiwani Penang, Kok Seng alifunga kabati la vifaa, akaagiza waya, akalala amesimama, ufunguo wa pekee ukiwa kiganjani. Waya wenyewe ulikuwa ndani ya kabati. Wenzake walimpaka mafuta ya kupikia vidoleni, havikufunguka. Waliokuja kuulizia ufunguo wakapanga foleni nyuma yake, nao wakalala, macho wazi. Mfagizi akawazunguka na ufagio wake.

"Kalala vilevile alivyoandika," alisema Devi wa meza ya pili, akipuliza chai. "Si nilimwambia?"

Norlela hakucheka. Alibana tasbihi mfukoni. Ofisi yao ndiyo iliyoandika kiini cha programu ya kompyuta inayoendesha mashine za kupumulia wagonjwa, na mama yake alikuwa hospitalini, akipumua kwa mojawapo.

Ndani ya kiini, kila kazi huomba nafasi ya kumbukumbu. Ombi moja huruhusiwa kulala mpaka nafasi ipatikane. Jingine halilali: hupewa papo hapo, au huambiwa hapana. Aliyeshika kufuli, yaani zamu ya kutumia kitu peke yake, haruhusiwi kulala, maana wa kumletea nafasi huenda anangoja kufuli hilohilo. Kok Seng aliiandikia kengele ya hatari ombi la kulala, hali kengele yenyewe imeshika kufuli. Pumzi ya mgonjwa ikikatika wakati kumbukumbu imejaa, kengele italala.

Norlela akamfuata mkubwa wao, Ravindran.

"Bosi, tubadilishe. Ombi la kengele lisilale."

"Likiambiwa hapana je?"

"Si ndiyo maana tulitenga akiba?"

"Akiba ipi, dada? Ile imeliwa na ua."

Ua lilikuwa picha ya yungiyungi linalochanua kwenye kioo cha mashine kutwa kucha. Wanunuzi walilipenda.

"Basi litoe."

"Nilitoe mimi? Mkurugenzi kalichora mwenyewe! Unanitakia njaa?" Akapunguza sauti. "Kumbukumbu haijai kila siku. Wewe omba dua."

"Dua naomba. Wewe toa ua."

Ravindran akachungulia nje. Foleni ya waliolala ilikuwa imefika ngazini.

"Nitaagiza kabati jingine," alisema, "na ufunguo wake."

Ilipofika mchana, wake wa waliolala wakaja na wali na samaki, wakawalisha kwa kijiko, wakawafuta midomo, wakarudi makwao.

Norlela alifika wodini baada ya sala ya magharibi. Kwenye kioo juu ya kitanda ua lilikuwa linachanua, petali kwa petali. Muuguzi alisimama kando ya mashine, macho wazi, kidole kimenyooka kuelekea kitufe. Norlela akamsalimu. Hakuitika.

Akamsogeza kidogo apate pa kukaa. Akaweka kiganja kifuani kwa mama yake, akasubiri.

Kifua kikapanda. Akasubiri tena.