Ramani ya Hatari za Solgogae

Ma Gyu-tae alifika kijiji cha Solgogae mwanzoni mwa msimu wa uyoga, akiwa na droni moja na bunda la fomu. Idara ya misitu ilikuwa imemtuma kupiga picha za misonobari iliyokaushwa na ugonjwa. Alikuwa mtu makini. Aliwaeleza wanakijiji ukumbini kwamba msitu huangusha droni kwa urahisi: matawi huificha machoni pa rubani, mabonde hukata mawasiliano, na waya mmoja mwembamba hutosha kuvunja mapanga yake.

"Kwa hiyo sitarusha chochote," alisema, "mpaka nyinyi wenyeji mnionyeshe penye hatari. Penye alama, sipiti."

Bibi Pyo Ok-rim, aliyekaa safu ya nyuma, alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kwenye mgongo wa mlima upande wa mashariki, chini ya misonobari sita, uliota uyoga wa bei kubwa ambao yeye peke yake aliujua. Mama mkwe wake alimnong'oneza mahali hapo siku tatu kabla ya kufa. Ok-rim hakumwambia hata marehemu mumewe. Mkaza mwana wake, Do-yeon, alikuwa ameuliza kila vuli kwa miaka kumi na minane, na kila vuli alijibiwa kwamba uyoga hujiotea tu. Kamera ikipita pale, siri ingekwisha.

Gyu-tae alizungumza na kila mtu faraghani, ofisini kwa mwenyekiti. Zamu ya Ok-rim ilikuwa ya mwisho.

"Bibi, kuna hatari yoyote unayoijua?"

"Mgongo wa mashariki, mwanangu. Usithubutu. Kuna tai pale, mkubwa kama mbuzi."

"Mmoja?"

"Na mkewe."

Gyu-tae aliandika, akachora duara jekundu kwenye ramani, akamshukuru kwa kuinama. Ok-rim alirudi nyumbani akijiona mjanja kuliko kijiji kizima.

Asubuhi iliyofuata, ramani ilikuwa imebandikwa ukutani ukumbini. Ilikuwa na maduara ishirini na matatu, na kila duara lilikuwa na jina la mtoa taarifa, kwa sababu Gyu-tae alipenda mambo yenye mpangilio. Nyaya za umeme, Bonde la Jiwe: Mwenyekiti Bang Chil-seong. Nyigu: Bwana Tak. Upepo wa kuzunguka: Bibi Seok. Hakuna maduara mawili yaliyogusana.

"Sijapata kuona kijiji kinachojali usalama namna hii," Gyu-tae alisema, akatoka uani kuandaa droni yake.

Watu wote walikuwa wakisoma majina, kila mmoja akijua sasa mwenzake huchuma wapi uyoga wake.

"Mwenyekiti," Ok-rim alisema hatimaye, "umeme ulifika lini Bonde la Jiwe? Mbona kwangu hata taa ya uani sijapata?"

"Ulifika zamani, Bibi. Na hao tai wako, wanataga wapi?"

"Kwenye nyaya zako."

Kicheko kilizuka na kuzimika papo hapo. Hakuna aliyeinuka. Wa kwanza kutoka angejulikana anakwenda kwenye duara la nani. Bwana Tak aliomba kwenda chooni.

"Nenda," alisema Bibi Seok, "lakini Mwenyekiti akusindikize."

"Basi nitavumilia."

Do-yeon aliingia na sinia la chai ya shayiri. Alipofika mbele ya ramani, alisimama.

"Mama," alinong'ona alipomfikia Ok-rim, "kumbe ni pale? Si kila mwaka napita pale?"

Ok-rim akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "We mtoto, jiko umeliacha linawaka! Kimbia!" Alipoinama kuchukua kikombe, aliongeza chini chini: "Misonobari sita. Chuma uyoga wote, mkubwa kwa mdogo. Kikapu kiko nyuma ya mtungi wa mchuzi wa soya."

Do-yeon akatoka. Nani angemshuku mkaza mwana?

Mwenyekiti alikunywa chai yake nusu, kisha akakumbuka kwamba hata kwake jiko lilikuwa linawaka. Akamtuma mke wa mwanawe. Bibi Seok naye akakumbuka. Baada ya dakika kumi, majiko ya Solgogae yote yalikuwa yanawaka, na ukumbini hakukubaki mkaza mwana hata mmoja.

Wakati huo droni ilipaa. Skrini aliyoiweka Gyu-tae ukumbini ilionyesha njia kuu ya mlimani, mahali pekee pasipo na duara. Wanawake tisa walikuwa wakipanda kwa haraka, kila mmoja na kikapu. Walikutana penye njia panda. Wakainamiana kwa heshima. Hakuna aliyetaka kutangulia. Kisha Do-yeon akashika njia, lakini si ya mashariki.

"Kuna watu chini," Gyu-tae alisema kutoka uani. "Kanuni hairuhusu kuruka juu ya watu. Naishusha."

Skrini ikawa nyeusi. Wazee wote wakakimbilia mlangoni, wakimsihi airushe tena waone kila mmoja anakwenda kwenye duara la nani, na Ok-rim ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.