Pedali ya Tundu Moja

Mke wangu aliniambia ameipeleka pedali yangu ya gita kwa fundi kwa sababu inakwaruza. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini nikamtazama, maana kwa miezi minne hakuna mguu uliokuwa umeikanyaga pedali ile, wangu wala wa mtu mwingine. Ilikuwa kabatini, chini ya mablanketi. Sasa huko kukwaruza alikusikia wapi?

Sikumuuliza. Mimi nikishuku jambo huwa siulizi, nakaa nalo kimya mpaka liive lenyewe. Mke wangu anasema hiyo ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote, na orodha anayo.

Miezi minne nyuma mlango wa gari la mizigo ulinibana vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo. Daktari aliviokoa, lakini nguvu haikurudi. Kugusa waya wa gita vinagusa. Kuuvuta pembeni ili noti ipande na kulia, haviwezi. Na kwenye bendi yetu kazi yangu mimi ilikuwa kuliza. Waimbaji wakinyamaza katikati ya wimbo, vidole vyangu vinavuta waya na mguu wangu kwenye pedali unaipandisha sauti polepole, kutoka kimya kabisa mpaka watu wasimame. Ndiyo maana wananiita Kanyaga.

Kiongozi wa bendi ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mpiga kinanda. Tangu niumie, walikuwa wanairuka sehemu yangu. Shemeji alisema itabaki yangu mpaka nipone. Nilimshukuru, kisha nikaanza kuangalia kama anaposema hivyo ananitazama machoni. Hakuwa ananitazama.

Basi kesho yake nikajipitisha kwenye kibanda cha Fundi Miwani, kilichobanwa kati ya mshona viatu na muuza vioo. Aliponiona tu, akavuta gazeti akafunika kitu mezani. Mtu mzima, miaka ishirini anatengeneza redio na amplifaya, anafunika kazi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Tukaongea habari za umeme kukatika. Akaniuliza mkono unaendeleaje, nikamwambia mkono haujambo, wagonjwa ni watu. Akakohoa. Simu yake ilipoita akatoka nje kuipokea, nami nikainua gazeti.

Ilikuwa pedali yangu, tumbo wazi. Pedali ya sauti ina matundu mawili: sauti ya gita inaingia kwa moja, inatokea kwa jingine kwenda kwenye amplifaya. Yangu sasa ilikuwa na tundu moja. Jingine lilikuwa limezibwa na kipande cha mpira. Volumu yake ya zamani, kile kidude cha mviringo kinachozunguka ukikanyaga, ilikuwa imeng'olewa na kulazwa pembeni. Kwenye tundu lililobaki palikuwa na soketi mpya ya kuchomekea, ya nyaya tatu.

Mimi si fundi, lakini hilo nalijua. Pedali ya namna hiyo haipitishi tena sauti ya gita hata chembe. Kazi yake inakuwa kuiagiza mashine nyingine: panda, shuka. Na mashine niliyoijua yenye mahali pa kuagizwa hivyo ilikuwa moja tu, kinanda cha shemeji. Miaka miwili amekuwa akilalamika kwamba mguu wake hauna cha kukanyaga.

Nikarudisha gazeti kama lilivyokuwa. Njiani kurudi nyumbani niliyaunganisha mambo. Kwa hiyo kinanda ndicho kitakacholia mahali pangu, kwa pedali yangu, na mke wangu ndiye aliyeitoa kabatini. Wangeniambia usoni ningekasirika wiki moja yakaisha.

Alhamisi jioni pedali ilirudi, imefungwa kwenye taulo. Mke wangu aliipitisha mlangoni akiimbaimba, naye haimbi. Akaificha nyuma ya sanduku la nguo. Mimi nilikuwa nasoma, au nilikuwa nimeshika kitabu.

Ijumaa mchana, yeye akiwa kazini na watoto wetu pacha wakiwa shuleni, nikaitoa. Nikafungua skrubu nne za chini. Lazima niseme kweli, kazi ya Fundi Miwani ilikuwa safi: volumu mpya, nyaya tatu zimelala sambamba, lehemu inang'aa. Nyeupe katikati, nyekundu na nyeusi pembeni. Ningeweza kuzikata zote, lakini hilo lingeonekana. Nilitaka shemeji aaibike mbele ya bendi nzima. Nikazibadilisha zile za pembeni, nyekundu nikaiweka kwa nyeusi, nyeusi kwa nyekundu. Hapo pedali inafanya kazi vizuri sana, ila kinyume. Ukitaka ipande inashuka, ukitaka ishuke inapanda.

Kwa mkono ule mbovu ilinichukua saa nzima. Waya uliniponyoka, nikajiunguza kidole gumba, na lehemu yangu ikatoka mabonge mabonge. Nikafunga skrubu, nikarudisha taulo, nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nilipoumia.

Jumamosi mke wangu akaniambia twende wote mazoezini, nikawasalimie wenzangu. Nikasema sawa. Alishangaa nilivyokubali upesi.

Tunafanyia mazoezi kwenye chumba juu ya karakana ya seremala. Nilipoingia nikatafuta pedali karibu na kinanda, sikuiona. Ilikuwa mbele ya kiti changu. Waya wake ulikuwa umeingia kwenye kiboksi kidogo chekundu nisichokijua, na gita langu lilikuwa limeegeshwa pale pale, limebadilishwa nyaya zote.

Shemeji akaanza kueleza haraka haraka, anavyoongea akiwa na furaha. Kile kiboksi kinapandisha noti. Gita linaingia humo, na pedali ndiyo inayokiagiza kipandishe kiasi gani.

"Vidole vyako vishike noti tu, shemeji," akasema. "Kuvuta utavuta kwa mguu. Mguu wako si hauna ubaya?"

Mke wangu akaongeza kwamba wazo lilikuwa lake. Kila redio ikipiga wimbo, alisema, aliona mguu wangu unakanyaga sakafu chini ya meza. Akamwomba kaka yake asinidokeze lolote, na ndiyo maana kaka yake aliogopa kunitazama. Ile habari ya kukwaruza, alisema akicheka, ndiyo uongo wa kwanza uliomjia.

Niliketi. Wakanivalisha gita. Mpiga ngoma akahesabu, nikashika noti, nikakanyaga. Noti ikaporomoka. Nikalegeza mguu kuituliza, ikapaa; nikakanyaga tena, ikaporomoka. Ilisikika kama mbuzi anaburutwa.

Shemeji alisimamisha wimbo, uso umemshuka. Akampigia Fundi Miwani, akamwambia amewaharibia siku. Fundi hakujibu kwa simu, alikuja mwenyewe na mkoba wake, amevimba. Aliapa kwamba aliijaribu mara tatu. Akaipindua pedali, akaifungua, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii lehemu si yangu," akasema.

Mke wangu aliinama kutazama yale mabonge, kisha akatazama kidole changu gumba. Asubuhi nilimwambia niliungua na birika.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani mnanitoa. Nilidhani kinanda kinachukua sehemu yangu."

Fundi Miwani akachomeka chuma chake cha kulehemia kwenye umeme, kilipopata moto akanipa mimi. Nikaziyeyusha zile nyaya mbili, mke wangu akazishika na koleo kila moja mahali pake. Wenzangu wote wamesimama wanatazama.

Tulipoanza tena, nilishika noti nikakanyaga, ikapanda, ikalia. Ililia kama zamani. Mke wangu aligeukia dirishani. Shemeji alipiga wimbo mzima bila kuinua kichwa kutoka kwenye kinanda chake, na ulipokwisha alisema jambo moja tu, kwa sauti ya chini.

"Ungeniuliza."

Ni mwaka sasa. Sehemu ni yangu na watu wanasimama kama zamani. Lakini kila tunapomaliza kuchomeka nyaya kabla ya kupiga, shemeji hupiga goti mbele ya pedali yangu, akaibonyeza kwa kiganja, chini, juu, akisikiliza. Kisha hunitazama machoni, akaenda kwenye kinanda chake. Mimi humpigia noti, nimesimama na gita shingoni, mpaka amalize.