Kata au Kaza

Siku nane baada ya merikebu yetu kuvunjika kwenye mchanga wa mlango wa Nili, tuliitwa mahakamani Dumyati, sisi kumi na mmoja tuliosalia. Tulikuwa tumepakia mchele na kahawa ya kwenda Istanbul. Watu wanane walikufa maji, mmoja wao Mitwali, seremala wa chombo. Aliyetushtaki alikuwa mjane wake, Bibi Nafusa.

Mimi Bayumi nilikuwa mpokezi wa amri. Upepo ukivuma, sauti ya nahodha aliye tezi, huko nyuma, haifiki omo, kwa hiyo nilisimama katikati, penye mlingoti, nikaipokea na kuirusha mbele. Miaka kumi na miwili sikuwahi kuikosea. Au sikuwahi kuambiwa kwamba nimeikosea.

Kadhi alianza na Nahodha Ilyasi.

"Tulikuwa tumetia nanga nje ya mchanga," alisema nahodha. "Adhuhuri upepo wa kaskazini ukatuparamia. Nikaamuru: kaza amari, kamba ya nanga isilegee."

"Unaapa?"

"Wallahi, naapa."

Akafuata Raslani, aliyekuwa omo na shoka.

"Mimi niliambiwa kata," alisema. "Nikakata."

"Na nani?"

Raslani akanielekezea kidevu. "Na huyu. Tena mara mbili."

Manoli mpishi alipoulizwa alisema yeye alisikia dengu zake zikimwagika tu, basi. Watu wakacheka. Bibi Nafusa hakucheka, na Manoli akainamisha kichwa. Mzee Khatiri, baharia mwenzetu, naye akaapa kwamba amari ilikatika yenyewe, shoka lilikuwa bado hewani.

Kadhi akaagiza kipande cha kamba kilichoopolewa na wazamiaji. Tukakitazama wote. Nusu ya nyuzi zilikuwa zimekatwa sawasawa, nusu zimechanika kama ndevu.

"Ulipiga mara ngapi?" kadhi alimuuliza Raslani.

"Mara tatu. Au mbili. Mara nikaona kamba imekwenda."

Ikawa zamu yangu. Siku nane nzima nilikuwa nimelitafuta neno lile. Nikijisemea "kata," naona kinywa cha nahodha kikisema kata. Nikijisemea "kaza," naona kinywa kilekile, ndevu zilezile zilizolowa, kikisema kaza.

"Bayumi, ulisikia nini?"

"Bwana kadhi, sijui."

"Hujui ulichosikia, au hujui ulichosema?"

"Vyote viwili."

Watu wakanong'ona. Bibi Nafusa akaomba ruhusa, akanigeukia.

"Bayumi, umekula kwangu mara ngapi?"

"Nyingi, shemeji."

"Mimi sikuja hapa mtu anyongwe. Nataka kujua mume wangu kafa kwa neno gani. Nitajie hilo moja tu."

"Nikikutajia moja, shemeji, nitakuwa nimelichagua. Sitakuwa nimelikumbuka."

Akavuta shela lake usoni.

Kadhi alisema ushahidi haushikani, hawezi kumtwika mtu damu za watu kwa maneno yanayopingana. Ilikuwa kudura ya Mungu. Karani akaandika. Bibi Nafusa akatoka bila kumuaga mtu.

Nje, Raslani alinikamata mkono wa kanzu.

"Sasa kadhi hayupo. Niambie mimi."

"Haki ya Mungu, sijui."

"Lakini nilikusikia."

"Labda."

"Usiniambie labda, bwana. Mikono hii ndiyo iliyoshika shoka." Akaniachia, akaitazama mikono yenyewe. "Halafu kuna jambo sikulisema mle ndani. Nilipoinua shoka, amari ilikuwa imeshaanza kulia kwa kuelemewa. Huenda niliamua kukata kabla hujafumbua mdomo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na hakika mpaka uliposema hujui," akanijibu, akaenda zake.

Sikurudi baharini. Nilipata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha mchele. Baridi ilipokwisha nikasikia Nahodha Ilyasi amepewa merikebu nyingine, na baharia wa kwanza kujiandikisha kwake ni Raslani. Nilidhani ni porojo za sokoni, mpaka Raslani mwenyewe alipokuja kinuni.

"Nahodha anakuulizia."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Anasema hajaona mwenye sauti kama yako."

"Na wewe atakuweka wapi?"

"Palepale, omo."

Nilisimama na gunia begani, nikimtazama usoni nione kama ananidhihaki. Hakuwa anacheka. Nikamwambia nitafikiri.

Waling'oa nanga Jumatatu, nami nikiwa kwa Bibi Nafusa, namrekebishia mlango ambao Mitwali aliuacha bila bawaba. Niliupiga randa vibaya, kwa kuwa mimi si seremala. Alileta mkate na jibini, akaweka kando yangu, akarudi ndani. Tangu siku ile ya mahakamani hajaniuliza kitu. Sijui kama amenisamehe, au amechoka kuuliza.