Bahari ya Ghorofani

Jumatatu aliyorudi kutoka likizo, Kola alikuta kiti chake kimeazimwa, bobini yake imetiwa uzi wa watu, na rundo la kola za sare za shule likimsubiri kama mkwe mwenye kinyongo. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini tangu aajiriwe alishona kola tu, na mafundi hawana muda wa kumwita mtu majina mawili.

Karakana ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Vyerehani vilipangwa safu mbili, na nyuma kabisa, kando ya dirisha lisilofunguka, ilikuwa meza ya pasi ya Da Mvuke. Likizo pale ilikwenda kwa zamu: mtu mmoja kwa mwaka, wiki moja, na akirudi sharti asimulie. Hiyo haikuwa amri ya bosi. Ilikuwa sheria ya mafundi wenyewe, kwa sababu waliobaki ndio walioshona mashati ya aliyeondoka, na mtu akikushonea mashati ana haki ya kujua yamekupeleka wapi.

Wengi waliotangulia walikwenda kwao, wakarudi na habari za mazishi na mipaka ya mashamba. Kifungo, mzee wa vifungo, alisimulia likizo nzima ya kuumwa jino. Kola alikuwa wa kwanza kwenda pwani. Alikwenda na dada yake, wakafikia nyumba ya wageni yenye ngazi za mawe zilizoteremka moja kwa moja majini.

Basi akasimulia. Mguu kwenye kanyagio, mkono kwenye kitambaa, akaeleza jinsi bahari ya asubuhi ilivyotulia kama shuka lililopigwa pasi na mtu anayeijua kazi. Da Mvuke akaguna kwa kuridhika. Kola alipofika kwenye ngazi katika simulizi, maji yalianza kutoka kwenye kona ya majora ya vitambaa, ya baridi kidogo, ya chumvi, yakafika vifundoni. Kifungo akakunja suruali.

Kutoka ofisini bosi aliuliza nani kaacha bomba wazi. Akajibiwa kwamba si bomba, ni Kola anasimulia. Akasema basi majora ya chini yapandishwe juu.

Walipokwenda kula, maji yalikupwa, yakaacha povu na kaa wawili chini ya cherehani. Duka la magodoro halikupata hata tone. Mwenye duka alipanda mara moja tu, kuomba wapunguze sauti ya mawimbi, maana wateja wanaojaribu magodoro walikuwa wanalala kweli. Fundi umeme naye aliitwa, akapandisha soketi hadi usawa wa mabega, akaenda zake.

Kola mwenyewe hakutulia. Nyumbani kila chumba kilimbana. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena, mpaka mumewe akamuuliza kama anapepeta chumba. Mchanga aliufagia kitandani kila asubuhi. Hakujua afanye nini na furaha iliyokwisha, kwa hiyo aliipeleka kazini: namna dada yake alivyolala chali majini akicheka hadi akanywa maji, harufu ya mwani, upepo uliowaibia khanga moja na kuwaachia ya pili. Maji yalikuja kila siku, na kola zake zikaanza kupinda kama mawimbi.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Da Mvuke. Yeye alisimama kwenye pasi tangu karakana ina vyerehani vitatu, na jioni miguu yake ilivimba mpaka viatu vikamkataa. Kandambili za buluu alishanunua, akazitundika msumarini juu ya meza. Maswali yake yalikuwa ya mtu anayefunga mzigo: ngazi zinateleza? Maji ya asubuhi ni ya baridi au ni uoga wa watu?

Siku moja bosi akatoka ofisini, suruali imekunjwa, akauliza likizo ni nini. Akajijibu mwenyewe. Alisema likizo ni mtu kuiona bahari na kutia miguu majini, na hilo kila mmoja amelifanya. Tena amefanya akiwa kazini, usafiri wa bure. Wengine wamekula mpaka likizo za miaka ijayo, ila yeye si mtu mbaya, hatawadai.

"Mimi nilikuwa napiga pasi," alisema Da Mvuke.

"Miguu ilikuwa wapi?"

Da Mvuke akatazama chini. Maji yalikuwa vifundoni.

Kola aliona wazi kwamba zamu ya mwenzake ameila yeye, na ameila kwa mdomo. Kesho yake akasimulia vibaya makusudi: bahari inanuka, kitanda kina kunguni, dada yake anakoroma kama trekta. Maji yakaja vilevile, rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na mfuko wa plastiki ukielea. Ndipo akanyamaza. Kunyamaza kulimtesa. Mguu ulikimbia kwenye kanyagio bila mpango, na siku nyingine alishtukia ameshona mikono ya mashati, kazi isiyo yake. Lakini sakafu ilikauka.

Akaenda ofisini. Akasema bahari imeondoka, kwa hiyo Da Mvuke apewe wiki yake.

Bosi aliinama, akagusa sakafu kwa kidole, akakilamba.

"Chumvi," akasema. "Bado mpo likizo."

Kola akarudi kwenye cherehani. Hakuhitaji kueleza kitu. Uso wake ulikuwa umeshaeleza. 

"Kola," akaita Da Mvuke. "Wewe mwenyewe tulikuacha kwenye ngazi."

"Dada, nikisema, bosi anahesabu."

"Ameshahesabu, mdogo wangu. Sema."

Kola akasema, na safari hii hakubana kitu. Maji yakaja safi, yakapita magoti, yakapita mapaja, yakafika kiunoni. Vipande vya mashati vikaelea. Kifungo alipanda juu ya meza ya kukatia akaendelea na vifungo vyake. Da Mvuke akaiweka pasi kando, akatoka nyuma ya meza kabla ya saa ya kutoka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akatembea katikati ya safu mbili za vyerehani, mikono juu ya maji, taratibu, kama mtu anayepita msibani.

"Halafu?"

"Halafu basi, dada. Niliogopa. Niliishia kiunoni."

Maji yakasimama hapohapo.

"Mimi nisingeishia hapo," alisema Da Mvuke. Hakusema kwa ubaya. Akasubiri kidogo, huenda kuna zaidi, lakini bahari yote iliyokuwemo mle ilikuwa ya Kola. Akageuka, akarudi kwenye meza yake, akaichukua pasi.