Chungu cha Siku ya Tano

Mikono ya Zita ilikuwa imezama katika samadi hadi viwiko, asubuhi ile ya Jumanne, Anastazi alipofika uani na kuanza kusoma karatasi. Mwenyekiti huyo wa kitongoji alikuwa amemaliza mistari miwili alipogundua kwamba hasikilizwi.

"Anza na shikamoo," Zita alisema bila kuinua kichwa. "Karatasi haikuzaliwa na mtu. Wewe ulizaliwa, nilikuwepo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa soma."

Karatasi ilisema kwamba vyungu vya funza vivunjwe ifikapo Jumamosi. Kamati ilikuwa imelijadili suala hilo kwa saa mbili. Suala la choo cha shule, lililofuata, lilipewa dakika tano.

Vyungu vyenyewe vilikuwa vitatu, vikuukuu, vimepangwa kivulini nyuma ya jiko. Zita alikuwa akijaza kimoja samadi mbichi na maganda ya ndizi, anakiacha wazi mchana mmoja ili inzi watage, kisha anakifunika kwa gunia bichi. Siku ya tano alikimwaga uani, funza wanono kama punje za wali, na kuku wake tisa walimaliza kazi kabla ya funza yeyote kuota bawa. Zamani aliwachimbia mchwa. Lakini tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe, mwaka ule wa tisini na nne, miti ilikatwa kwa kuni hadi visiki vikang'olewa, na mchwa nao wakahama, bila kuandikishwa na shirika lolote.

Ujuzi wa vyungu aliupata kwa Esperansia, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mto aliyekuja kumlimia kibarua. Hapo ndipo uvumi ulipopata pa kushika. Mto Kagera ulikuwa umepitisha maiti tangu Aprili, na hakuna mtu wa kijiji cha Mbuba aliyethubutu tena kula samaki wake. Sasa ilisemwa kwamba Esperansia alivuka na mbegu ya funza kutoka kwenye maiti za ukingoni, ameifunga kwenye pindo la kitenge.

"Inzi hana mbegu," Zita alimwambia mwenyekiti. "Ana mabawa. Hawa wangu nadhani wametoka chooni kwako."

Hakuvunja kitu. Mumewe alipozikwa, shemeji zake waligawana migomba na ng'ombe. Kuku waliachwa, kwa kuwa hakuna mwanamume aliyeona heshima katika kuwadai. Vyungu vikivunjwa, kuku wangeisha, na yeye angeanza kula kwa kuomba katika nyumba za watu waliomwachia kuku.

Alhamisi, siku ya gulio, aliketi mahali pake karibu na wauza rubisi, pombe ile ya ndizi, akiwa na kikapu cha mayai ya kuchemsha na chumvi juu ya kipande cha jani la mgomba. Wanywaji, ambao kwa miaka mingi waliyala mayai yake bila kuhoji nasaba ya kuku, walipita wakitazama kwingine. Hadi adhuhuri hakuna hata moja lililonunuliwa. Esperansia, aliyekaa kando yake akiuza maharage ya mgao wa kambini, alinong'ona kwamba labda yeye aondoke, mama apate wateja. Zita alimwambia akae.

Ndipo Anastazi, aliyekwisha kumaliza kibuyu cha pili, akasema kwa sauti yake ya mkutanoni:

"Kama ni safi, mama, kula wewe moja. Tukuone."

Kicheko kikazunguka vilabuni. Kila mtu alielewa. Mwanamke wa rika la Zita hakuwahi kutia yai kinywani. Ulikuwa mwiko, na mwiko huo haukuwahi kumsumbua mwanamume yeyote. Alikuwa amechemsha mayai miaka arobaini bila kulamba hata kidole. Utotoni mama yake alimchapa kwa kuokota ganda tu. Teddy, mke wa Anastazi, aliyekuwa akichota rubisi mtungini, peke yake hakucheka.

Zita alichagua yai kubwa. Aliligonga kwenye jiwe, akalimenya taratibu, akalichovya chumvini, akala nusu. Kiini kilikuwa kikavu kama vumbi la Julai, kikagoma kushuka. Hakuomba maji. Alitafuna huku akimngoja mama yake aje na fimbo. Hakuja. Akala nusu iliyobaki.

"Kumbe," alisema, akimtazama mwenyekiti, "hiki ndicho mlichokuwa mkitunyima."

Esperansia akanyoosha kiganja. Kwao nako ulikuwa mwiko.

"Nipe na mimi, mama."

Wakala wote wawili, hadharani, bila haraka, wakichangia chumvi moja. Juu ya mtungi, kata ya Teddy ilikuwa imesimama hewani, rubisi ikidondoka.

Hakuna aliyenunua siku ile. Zita alirudi nyumbani na kikapu kizito, na maganda ameyafunga vizuri katika ncha ya khanga ili awapondee kuku.

Jumamosi kulipopambazuka, chungu alichokijaza Jumanne karatasi ikisomwa kilikuwa kimetimiza siku tano. Alipoinama kuondoa gunia alimwona Anastazi kwenye ua wa minyaa, jembe begani. Hatua chache nyuma ya mumewe alisimama Teddy, na chungu kitupu chenye ufa kichwani na fungu la maganda ya ndizi mkononi.

Kuku walikwisha kukusanyika. Zita alishika chungu chake kwa mikono miwili, akakilaza kidogo, akasubiri shikamoo.